Makangaga manne ya maumbo adimu: tathmini baada ya miaka mitatu

Miaka mitatu iliyopita niliagiza kwa posta makangaga manne kutoka kitalu kinachojitambulisha kuwa na ujuzi wa aina adimu, yaani zile zilizozuka porini au bustanini kwa mabadiliko ya ghafla ya chembe za urithi, zikahifadhiwa na watu waliopendezwa na umbo lake. Nimesubiri muda wote huo kabla ya kuandika kwa sababu kangaga changa halionyeshi sura yake halisi: majani yake ya mwanzo hufanana na ya jamaa zake wa kawaida, na anayetoa hukumu baada ya mwezi mmoja huwa amepima ufungaji wa kifurushi, si mmea. Ufungaji ulikuwa mzuri. Miche yote ilifika ikiwa na unyevunyevu kwenye mizizi, na hakuna jani lililovunjika.

Mmea ulionivutia kuagiza ulikuwa Athyrium filix-femina ‘Victoriae’, na ndio ulionisikitisha zaidi. Aina hii ilionwa na James Cosh mwaka 1861 karibu na Drymen, Uskoti, ikapewa jina la Malkia Victoria, na hadi leo sijui badiliko lolote la kangaga lenye mpangilio wa ajabu kama wake. Katika kangaga la kawaida la jamii hii, kila kijani (yaani kijijani kidogo) cha pembeni hutoka kwenye uti wa jani kikielekea upande mmoja. Katika ‘Victoriae’ kila kijani kimegawanyika tangu shinani kuwa viwili, kimoja kikipanda na kingine kikishuka, hivyo vya kulia na vya kushoto vinapokutana kwenye uti hufanya safu ya misalaba kuanzia chini hadi juu, na kila ncha humalizika kwa kishungi kidogo. Nilichopokea kina vishungi vya kutosha, lakini misalaba inaonekana kwenye theluthi moja tu ya jani. Kwingineko vijani vimejipanga ovyo, vingine viwili viwili, vingine kimoja kimoja. Ni mmea wenye afya na wa kupendeza, ila sio ule uliotajwa kwenye lebo.

Sababu yake inafahamika, na muuzaji wa aina adimu hapaswi kuificha. ‘Victoriae’ ya asili huongezwa kwa kugawanya shina tu. Ukichukua spora zake, yaani chembe laini kama vumbi ambazo makangaga huzaliana kwazo badala ya mbegu, kila spora hubeba nusu ya chembe za urithi za mmea mzazi na kuota kuwa kibamba chembamba cha kijani chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha. Mbegu ya kiume huogelea kwenye utando wa maji kulifikia yai, mara nyingi la kibamba jirani, na mmea unaozaliwa hapo ni mchanganyiko mpya. Miche michache itaikaribia sura ya mzazi, mingi itakuwa na vishungi bila mpangilio, na baadhi itarudia umbo la kawaida kabisa. Mkulima mwangalifu hupanda spora nyingi, akaichagua miche iliyo bora na kuiuza kwa jina la kundi, bila kudai kwamba ni mmea wenyewe. Kitalu hiki kiliandika ‘Victoriae’ pasipo neno la ziada, na hilo ndilo kosa.

Mmea wa pili unaonyesha jinsi ambavyo spora si tatizo kila mahali. Dryopteris affinis ‘Cristata’, ambao wengi huuita ‘The King’, pia uliongezwa kwa spora, na hauna dosari hata moja: majani yake yanainama kwa upole pande zote, kila kijani kina kishungi nchani, na jani zima linamalizika kwa kishungi kikubwa. Jamii hii haihitaji kukutana kwa mbegu ya kiume na yai. Mmea mpya huchipuka moja kwa moja kutoka kwenye kile kibamba, ukiwa na urithi wote wa mzazi, jambo ambalo William Farlow alilieleza mwaka 1874 alipolichunguza kangaga jingine, Pteris cretica. Kwa anayeanza, huu ndio mmea ninaoupendekeza kwanza, kwa kuwa ni vigumu kuuziwa wa bandia.

Wa tatu, Polystichum setiferum wa kundi la Divisilobum, umenifurahisha kupita matarajio. Vijani vyake vimekatwakatwa mara nyingi hivi kwamba jani linaonekana kama kitambaa cha lesi. Juu ya uti wa jani lililokomaa huota vichipukizi vidogo vyenye magamba ya kahawia, na kila kimoja ni nakala ya mama yake. Nililaza jani moja kuukuu juu ya mchanganyiko wa mboji na mchanga, nikalibana kwa vipande vya waya, nikafunika trei kwa plastiki angavu ili unyevu usipotee. Baada ya miezi michache nilikuwa na miche kumi na mmoja, yote ikiwa na ukataji uleule. Hapa kitalu kinastahili sifa, maana lebo ilisema wazi kuwa mche ulitokana na kichipukizi.

Wa nne uliuzwa kama Asplenium scolopendrium ‘Crispum’, aina ambayo jani lake refu lisilogawanyika limejikunja kingoni kama marinda. Ningeweza kuridhika nao milele kama nisingegeuza jani. ‘Crispum’ halisi ni tasa, na mgongo wa jani lake ni msafi, ndiyo maana watunzaji huuongeza kwa kupanda vikonyo vya majani ya zamani ili vitoe machipukizi. Jani langu lilikuwa na mistari ya kahawia ya vifuko vya spora kutoka juu hadi chini, na mawimbi yake ni ya kina kifupi. Kwa maoni yangu ni ‘Undulatum’, aina nzuri na rahisi kuongeza, lakini ni kitu kingine. Anayenunua ‘Crispum’ na aombe picha ya upande wa chini wa jani lililokomaa kabla ya kulipa.

Huenda mtu akaniona mgumu juu ya majina. Hata hivyo, maumbo haya yapo leo kwa sababu kulikuwa na watu walioyaandika kwa makini. British Pteridological Society, chama cha Uingereza cha wapenda makangaga kilichoanzishwa mwaka 1891, bado inaendelea na kazi hiyo. Jina likishakaa kwenye miche mia isiyofanana, baada ya muda hakuna atakayeujua mmea wa asili hata akiwa amesimama mbele yake.

Nilikiandikia kitalu, nikaambatanisha picha. Walijibu kwa adabu, wakakiri kwamba ‘Victoriae’ yao ilitokana na spora, na wakanitumia kipande kilichogawanywa kutoka mmea wao wa zamani bila malipo. Kuhusu ‘Crispum’ walisisitiza kuwa wako sahihi, na orodha yao haijabadilika hadi ninapoandika. Kwa hiyo ningeagiza tena kwao mimea miwili ya katikati bila wasiwasi, ningeuliza njia ya uzalishaji kabla ya kuagiza ‘Victoriae’, na ‘Crispum’ ningeitafuta kwingine. Kile kipande kipya kimefungua jani lake la nne wiki hii. Nimeihesabu misalaba kuanzia chini hadi kwenye kishungi cha juu, na hakuna hata mmoja uliokosekana.