Kitalu cha njia ya Kibosho: samadi chukua, udongo wa kuchanganya achana nao

Ukitoka Moshi mjini kupandisha njia ya Kibosho utakutana na kitalu cha miche chenye marundo ya samadi yaliyofunikwa turubai jeusi. Hilo turubai ndilo lililonisimamisha. Wauzaji wengi huacha samadi ichomwe na jua na inyeshewe, nguvu yote inaishia mtaroni, halafu mteja anauziwa makapi.

Samadi ya ng'ombe ni shilingi 4,000 kwa kiroba, na kiroba kinashindiliwa kweli. Nilizamisha mkono katikati ya rundo: nyeusi, inamenyeka vidoleni, joto hakuna, inanukia udongo uliopata mvua ya kwanza. Hiyo imeiva. Rundo la pili lilikuwa bado linafuka, na Mangi mwenye kitalu akaniwahi, "Hiyo bado, dada. Rudi mwezi ujao." Muuzaji anayekataa hela yako, Moshi hii hii! Nyota zote tano nampa hapo hapo.

Mimi niko Soweto ya hapa Moshi, udongo wangu ni mzito, ukilowa unang'ang'ania kwenye koleo. Debe la lita 20 nalitandaza kwenye mita mbili za mraba, kisha nachanganya mpaka kina cha sentimita 20 hivi. Mnafu na figiri wanatosha kuwa mashahidi.

Mbolea ya kuku wanaitoa kwenye mabanda ya broila, imejaa maranda. Ni kali. Ukiiweka mbichi, miche ya sukuma inaungua kingo za majani. Na yale maranda yakianza kuoza yanakula naitrojeni ya udongo, mboga zinageuka njano huku wewe ukidhani zina kiu. Nunua tu kama una pa kuirundika na mkono wa kuigeuza mpaka ipoe. Maganda ya kahawa hayapatikani kila siku. Ukiyakuta, tandaza juu ya tuta, yanatunza unyevu.

Wana pia mbolea ya fosfeti ya Minjingu, ile inayochimbwa kule Manyara. Si mbaya, ila inataka udongo wenye tindikali ndipo iyeyuke. Kama kwako ni magadi, hela yako utakuwa umeifukia.

Sasa huo wanaouita udongo uliochanganywa tayari, 7,000 kwa kiroba kilekile. Nilimwaga kimoja kwenye karai: kokoto, moramu, vipande vya mifuko ya rambo, ambayo imepigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini ardhini bado ipo, na vijiazi vya lile gugu la ndago. Ndago! Ikishashika bustani, utahama wewe, yenyewe itabaki. Nilipomimina maji yakasimama juu, hayazami. Nilimwambia Mangi, akacheka, akasema huo ni wa watu wa maua ya vibarazani. Sasa watu wa maua wamekosa nini? Kwa 7,000 unapata samadi kiroba kizima na chenji ya pumba za mpunga, ukachanganye mwenyewe na udongo wa uani kwako.

Kirikuu chao, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka Soweto ni 15,000, kwa hiyo ungana na jirani. Viroba viwili bodaboda anabeba. Jumapili wanafungua baada ya misa ya pili. Na nenda na viroba vyako, vya kwao wanakata 500 kila kimoja.