Resini ya Ni-NTA, chupa ya mililita 25: inafaa maabara za Nairobi?

Inafaa sana. Ni shanga ndogo zenye nikeli (Ni) iliyoshikwa na kemikali iitwayo NTA. Maabara ya Chiromo, Kabete au Mbagathi isiyo na mashine ya kusukuma bufa (kimiminika kinachotunza pH) haitapata njia rahisi kuliko hii ya kusafisha protini yenye mkia wa histidini sita, yaani asidi amino sita zinazonaswa na nikeli. Kolamu tupu ya plastiki, stendi, barafu, basi. Bufa inashuka yenyewe.

Chupa huja nusu shanga, nusu etanoli ya asilimia 30. Ukitaka mililita 1 ya resini, chota mililita 2, na uigeuzegeuze chupa kwanza mpaka shanga zienee sawasawa. Ukisahau hilo, unaweka nusu ya ulichokusudia na protini inapita moja kwa moja.

Ioni ya nikeli ina nafasi sita za kushikana na vitu. NTA huchukua nne, mbili zinabakia histidini. Resini za IDA, kemikali nyingine ya kushikia nikeli, huishika kwa nafasi tatu tu, kwa hiyo huivujisha kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo NTA inapostahili bei yake.

Bufa ya kuanzia: fosfeti milimola 50 kwa lita, chumvi milimola 300, imidazoli (hushindana na histidini kushika nikeli) milimola 10, pH 8.0. Osha kwa imidazoli milimola 20, toa protini kwa imidazoli milimola 250. Imidazoli ni besi, kwa hiyo rekebisha pH baada ya kuiongeza, si kabla. Na usijaze resini kupita mahitaji: nafasi zikibaki wazi, protini za E. coli (bakteria waliozalisha protini yako) zenye histidini nyingi, hasa ile iitwayo SlyD, hukalia humo, nawe utaona mstari usioutaka karibu na kilodaltoni 25 kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa.

Itazame rangi. Resini nzima ni ya buluu yenye ukijani hafifu. Ikigeuka nyeupe, EDTA, kemikali inayokamata metali, imeng'oa nikeli. Mara nyingi imeingia kupitia vidonge vya kuzuia protiezi (vimeng'enya vinavyokata protini), kwa hiyo soma lebo na ununue visivyo na EDTA. Ikigeuka kahawia, ni DTT, kemikali inayovunja vifungo vya salfa vya protini. Resini ya hali zote mbili huokolewa kwa kuioshea hivi: EDTA milimola 100, maji mengi, nikeli salfeti milimola 100, maji tena. Maji hayo yenye nikeli yasimwagwe kwenye sinki; yana sumu, yawekewe chupa yake ya taka.

Katika kupima kiasi cha protini, imidazoli hufyonza mwanga wa nanomita 280 na kukudanganya. Tumia kipimo cha rangi cha Bradford, nanomita 595, na bufa ileile ya kutolea iwe kipimo chako cha sifuri. Sampuli za jeli nazo: maelekezo husema uzipashe joto la digrii 95, lakini Nairobi iko takribani mita 1,795 juu ya bahari na maji huchemka karibu digrii 94. Kuongeza moto hakusaidii. Ongeza dakika mbili, au tumia bloku ya kupashia joto.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba hatua hii moja haitoshi kwa kukuza fuwele za protini. Hapo ongeza kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa.

Stima ikipotea usiku, resini iliyo ndani ya etanoli haidhuriki kama vimeng'enya vinavyodhurika. Kinachoiua ni friza: ikiganda, shanga hupasuka. Iandike chupa kwa kalamu nene, "USIGANDISHE", kabla hujaiweka kwenye friji ya pamoja.