Mafuta ya breki DOT 3 kama dawa ya kuchubua rangi kwenye kibati cha chasisi: nyota nne kati ya tano

Land Rover Series au Land Cruiser 40 iliyopita kwa mafundi rangi watatu wanne, mara nyingi kibati chake cha chasisi, kile kidogo chenye namba ya utambulisho wa gari, hakisomeki tena. Fundi wa kwanza alipuliza bila kukifunika kwa gundi ya karatasi (masking tape), aliyemfuata naye akapuliza juu yake. Namba ipo, ila imezama. Kuitoa salama, chupa ya DOT 3 ya duka la spea inazishinda dawa kali zilizotengenezwa mahususi kwa kuchubua rangi, na inazishinda kwa upole wake.

Kibati cha namna hii kina rangi za aina mbili. Ya chini ni ya kiwandani, ile nyeusi iliyojaa kwenye mabonde kati ya herufi. Kwa kawaida ilikaushwa kwa joto na imeshika haswa. Ya juu ni ya fundi, iliyokauka kwa hewa tu. Glaikoli iliyomo kwenye mafuta ya breki huanza kulainisha ile dhaifu, tena polepole, kwa hiyo unapata nafasi ya kusimama ukifika kwenye nyeusi. Dawa yenye dikloromethani, kiyeyusho kilichomo kwenye dawa kali za kuchubua rangi, haibagui: dakika kumi, na nyeusi imeondoka pamoja na takataka. Mvuke wake pia ni hatari kwa ubongo na moyo, ndiyo maana Umoja wa Ulaya na Marekani zimepiga marufuku kuiuzia watu wa kawaida kwa kazi ya kuchubua rangi.

Soma chupa kabla ya kulipa. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zote ni za glaikoli na zinafaa. DOT 5 ni ya silikoni. Utailoweka wiki nzima na rangi haitatikisika. Chupa iliyokaa wazi na kunyonya unyevu haifai tena kwenye breki, lakini kwa kazi hii ni nzuri tu. Iandike kwa kalamu nene isije ikarudi kwenye breki. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na hapo mteremkoni pedali inazama.

Usitoboe ribiti. Kibati kilichong'olewa na kurudishwa kwa ribiti mpya kinazua maswali kila gari linapokaguliwa. Kipige picha kwanza, kisha kioshe kwa sabuni hapohapo kilipo. Zungushia gundi ya karatasi na ufunike bodi yote iliyo chini yake, kwa sababu tone moja likidondoka kwenye rangi nzuri litaiumua. Likidondoka, mwagia maji mengi papo hapo. DOT 3 huyeyuka kwenye maji. Lowesha pamba kwa mililita 15 hivi, ibandike juu ya kibati na uifunike kwa nailoni. Rangi ya mafuta ya tabaka moja huanza kujikunja baada ya saa chache. Tabaka tatu zinahitaji kulala usiku kucha, pengine siku mbili. Vaa glavu. Kila ukifungua, sukuma rangi iliyolainika kwa kijiti cha mti kilichochongwa bapa, kisha mswaki laini kwenye mabonde. Pamba nyeupe ikianza kutoka na weusi, acha, osha kwa maji na sabuni.

Nyota moja imekatwa kwa sababu ya rangi ya 2K, ile inayochanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa. Iliyokomaa hubaki imekaza, na usipokuwa na subira hutaiweza kwa DOT 3.

Njia nyingine zinazopendekezwa gereji nyingi ni mbaya zaidi. Thina inakauka kabla haijapenya, inapaka tope la rangi ndani ya herufi, na karibu na betri inaweza kuwaka. Kostiki soda kwenye alumini inatoa mapovu ya hidrojeni na kuila yenyewe. Kibati kinabaki cha kijivu, chenye vishimo. Brashi ya waya na msasa ndivyo vibaya kuliko vyote: vinalainisha kingo za tarakimu zilizogongwa, na namba yenye kingo zilizolainika inaonekana kama imechezewa hata kama ni halali kabisa.

Nyeusi ikiwa imetoka mahali, paka rangi ya mafuta nyeusi, subiri dakika chache, kisha pangusa herufi zilizoinuka kwa kitambaa kilichokazwa juu ya kipande cha mbao bapa, chenye unyevu kidogo wa waiti spiriti.

Kabla ya kupaka nta, mulika tochi kutoka ubavuni. Mwanga wa pembeni unatofautisha 3 na 8 zilizochakaa. Linganisha na namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe. Kwa Land Rover Series II na III itafute kwenye mabano ya springi ya mbele kulia, chini ya tope.