Majani Makavu ya Kivumbasi: Kinywaji Kizuri cha Mafua, Lebo ya Kutiliwa Shaka

Pakiti ninayoizungumzia ni ya majani makavu ya kivumbasi, gramu 50 kwa shilingi 3,000, niliyoinunua katika duka la dawa za asili huko Kariakoo, Dar es Salaam. Bei hiyo huenda ikamchekesha msomaji wa Moshi au Muheza, ambako mmea huu hujiotea kando ya njia na kwenye mashamba yaliyolazwa. Hata hivyo, anayeishi ghorofani mjini hulipia kazi ya kuchuma, kukausha na kusafirisha, na kwa hesabu hiyo sioni kuwa amepunjwa.

Majani yenyewe ni mazuri. Bado yana ukijani, dalili kwamba hayakuanikwa kwenye jua kali, na ukiyafikicha kiganjani hutoa harufu iliyo jirani na ya karafuu, kwa sababu mafuta ya kivumbasi mara nyingi huwa na yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Kwa kuwa mafuta hayo hupeperuka upesi, ni afadhali kununua majani mazima kuliko unga unaouzwa kwenye rafu hiyohiyo, ambao nilipounusa haukuwa na harufu yoyote ya maana.

Kijiko kimoja cha chai cha majani hayo, kikitiwa katika kikombe cha maji yaliyochemka na kufunikwa kwa kisahani kwa dakika kama 10 ili mvuke usiondoke na mafuta, hutoa kinywaji chenye ukali kidogo ambacho, kikiongezwa asali na ndimu, hulainisha koo na kumpa mwenye mafua nafuu ya kupumua. Hakiponyi mafua, ambayo kwa kawaida huisha yenyewe, wala sikukitarajia kufanya hivyo. (Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.)

Tatizo langu ni lebo. Inadai kwamba majani haya yanatibu malaria, kisukari na vidonda vya tumbo. Ni kweli kwamba moshi wa kivumbasi hufukuza mbu, jambo ambalo bibi zetu walilijua na watafiti wa Tanzania na Kenya wamelipima, lakini kumfukuza mbu si sawa na kuua vimelea vilivyokwisha kuingia katika damu. Mwenye homa anapaswa kwenda kupimwa. Lebo inahimiza pia kupiga nyungu bila kutahadharisha kwamba sufuria ya maji ya moto chini ya shuka inaweza kumuunguza mtu, hasa mtoto. Wajawazito hawakutajwa, tarehe ya kufungashwa haipo, na sikuona namba yoyote ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Anayeamua kuinunua aandae chupa ya kioo yenye kifuniko, kwa maana mfuko wake wa plastiki ukishakatwa haufungiki tena.