Kusafisha damu: kwa mashine au kwa tumbo?

Figo zikishindwa kazi, sumu kama urea hubaki mwilini. Mashine hupitisha damu kwenye chujio nje ya mwili, kwa kawaida kwa muda wa saa 4, mara 3 kwa wiki. Husafisha haraka, lakini sumu hujikusanya tena kati ya kipindi kimoja na kingine, na wengi humaliza wakiwa hoi.

Njia ya tumbo hufanyika nyumbani: maji maalumu, lita 2 hivi, huingizwa kwa mrija, utando wa tumbo huchuja damu, kisha maji hayo humwagwa, mara 4 kwa siku. Ni ya polepole ila haikatiki. Kwa anayeishi mbali na hospitali, ningeifikiria kwanza, mradi mikono iwe safi kabisa: vijidudu vikipenya mrijani, maambukizi yake ni makali.