Kikokotoo cha asilimia 40: mkupuo, pensheni ya mwezi na msimu wa korosho

Hesabu ya kikokotoo, yaani kanuni ya mafao ya mtumishi wa umma anayestaafu chini ya PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma), si ngumu. Wastani wa mshahara wa mwaka (miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho) unazidishwa kwa miezi uliyochangia, unagawanywa kwa 580. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake inazidishwa kwa 12.5, unapewa mkupuo, yaani fedha za mara moja unapostaafu. Iliyobaki inagawanywa kwa 12, unalipwa kila mwezi. Kanuni hii ilianza Julai 2022 kwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa waliozoea mkupuo wa nusu (wa mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF) na 35 kwa waliozoea robo.

Mwalimu wa Tandahimba mwenye mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi na miezi 360 ya michango anaondoka na 44,689,655, kisha 446,897 kila mwezi. Kwa asilimia 33 angepata 36,868,966 na 499,034. Kanuni ya zamani ya PSPF, yenye 540 badala ya 580, 15.5 badala ya 12.5 na nusu kwa nusu, ingempa 74,400,000 na 400,000 kwa mwezi.

Kelele zote zimepigiwa asilimia, wakati hela imepotelea kwingine. Rudisha 50 leo bila kugusa 580 na 12.5: mkupuo unafika 55,862,069 tu. Zaidi ya milioni 18 hazirudi. Kutoka 33 kwenda 40 ni kubadilishana tu, umepewa mapema ulichokuwa ulipwe kidogo kidogo, na miaka 12 na nusu baadaye hesabu zinalingana. Lakini zile 46,897 za ziada kwa mwezi (446,897 kutoa 400,000) zingehitaji zaidi ya miaka 52 kufidia pengo la kanuni ya zamani. Hapo ndipo wastaafu wana haki ya kulalamika.

Mwanajeshi wa JWTZ hayumo kwenye hesabu hii. Pensheni yake inatoka Hazina, kwa kanuni za majeshi, kwa hiyo wastaafu wawili majirani pale Nachingwea wakilinganisha risiti zao watabishana bure.

Kwa Kusini, pensheni ya mwezi ina faida ambayo wengi hawaipigii hesabu. Palizi na salfa (dawa ya kupuliza mikorosho) vinataka fedha Juni hadi Agosti, minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Mwenye 446,897 kila mwezi hana sababu ya kuuza kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi korosho kwa bei ya chini kabla ya mnada. Anayetegemea mkupuo kujenga nyumba Mtwara mjini, huyo kikokotoo kimembana kweli.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kumbukumbu. Mwaka mmoja wa michango usipoonekana, mwalimu wetu anapoteza 1,489,655 kwenye mkupuo na 14,897 kila mwezi hadi afe. Kagua taarifa ya michango kwenye PSSSF Kiganjani ukiwa bado kazini, hasa miaka ya uhamisho kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Salary slip za zamani zitunze, ndizo ushahidi. Jina lilingane herufi kwa herufi kwenye barua ya ajira, NIDA na benki. Posho usizihesabu, kinachoingia ni mshahara unaokatwa mchango. Na cheo cha mwaka wa mwisho kinaingia theluthi tu: aliyepanda kutoka 1,000,000 hadi 1,300,000 miezi 12 kabla ya kustaafu anahesabiwa 1,100,000. Barua ya kupanda daraja ikichelewa mezani kwa ofisa utumishi, anayeumia ni mstaafu.