Tathmini ya Debian 12: Jinsi Programu Zinavyopewa Ruhusa ya Kutumia Vifaa

Debian 12, toleo la mfumo endeshi huru uliojengwa juu ya Linux, ilitolewa tarehe 10 Juni 2023, na katika tathmini hii nitaipima kwa jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha mfumo endeshi wowote: namna unavyoziruhusu programu kuvitumia vifaa vilivyomo au vilivyochomekwa kwenye kompyuta.

Programu ya kawaida haigusi kifaa moja kwa moja. Prosesa yenyewe huizuia, na kila ombi la kusoma au kuandika sharti lipitie kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ambako draiva, programu inayojua kukiendesha kifaa husika, hulitekeleza. Kwa mapokeo ya Unix, mfumo wa zamani ambao Linux inaufuata, vifaa vingi huonekana kama mafaili ndani ya folda ya /dev, na hapo ndipo Debian inaponifurahisha zaidi. Chomeka bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kujifunzia elektroniki, yenye chipu ya CH340 inayoiunganisha kwa USB, kisha andika kwenye terminali amri ls -l /dev/ttyUSB0. Mstari utakaotokea huanza na herufi c, alama ya kifaa kinachopitisha data herufi kwa herufi. Mmiliki ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kundi la watumiaji wenye ruhusa ni dialout, na mahali ambapo faili la kawaida lingeonyesha ukubwa wake pana namba mbili, 188 na 0. Ya kwanza huijulisha kerneli draiva ya kuitwa, ya pili hutambulisha kifaa chenyewe miongoni mwa vile ambavyo draiva hiyo inavisimamia. Sijaona mfumo mwingine unaoyaweka mambo haya wazi kiasi hiki.

Mtumiaji asiyekuwemo katika kundi la dialout hukataliwa, na uamuzi huo nauunga mkono, kwani si haki programu ifikie kifaa bila idhini ya mwenye kompyuta. Lakini ujumbe anaoupata husema tu kwamba amenyimwa ruhusa. Haulitaji kundi, wala haumwelekezi ajiongeze humo kwa amri ya sudo usermod -aG dialout ikifuatiwa na jina lake la utumiaji, kisha atoke na kuingia upya. Mwanafunzi anayeanza anaweza kupoteza siku nzima kwa kukosa sentensi moja ya maelezo, na hilo linaniuma.

Utaratibu wa mafaili nao una mipaka. Kadi ya mtandao haimo ndani ya /dev. Programu huifikia kwa soketi, njia ya mawasiliano inayotolewa na kerneli. Kadi ya michoro imo, kwa jina kama /dev/dri/card0, ila sehemu kubwa ya kazi yake hupitia wito wa ioctl, yaani amri maalumu kwa draiva, ambao maana yake hutofautiana kutoka draiva hadi draiva, hivyo waandishi wa programu hutegemea maktaba kama Mesa, inayowashughulikia tofauti hizo.

Hatua kubwa ya toleo hili ni katika WiFi. Zamani diski rasmi ya usakinishaji haikuwa na programu dhibiti (firmware, zinazoendesha kifaa kwa ndani) zisizo huru, yaani ambazo msimbo wake haujatolewa wazi, na laptopu nyingi zilikwama kwenye hatua ya mtandao. Baada ya wanachama wa mradi kupiga kura mwaka 2022, programu hizo zimewekwa humo na kisakinishi huzipakia chenyewe. Wanaosikitikia kulegezwa kwa msimamo wa uhuru wa programu nawaheshimu, lakini asiye na kebo ya mtandao sasa anaweza kusakinisha Debian bila kuazima kompyuta ya pili. Wenye kadi za NVIDIA wajue kwamba draiva ya kampuni hiyo bado huongezwa kwa mkono: waziwashe sehemu za contrib na non-free katika orodha ya hazina za programu, kisha wasakinishe kifurushi cha nvidia-driver.